Kwato za Katibu

Kama kuna punda aliyewahi kudekezwa hapa Kitura, basi ni Katibu wa mama Gaudiosa. Mumewe, marehemu Othmar, alimnunua kule Tingi, wakapanda na kushuka milima hii na magunia ya kahawa mpaka wote wawili wakaota mvi. Othmar alipozikwa, Gaudiosa akaapa kwamba mnyama yule hatabeba tena hata kikapu. Akamfungia zizini, akamtandikia majani laini, akamlisha pumba asubuhi na jioni. Aliyebaki wa kumkumbusha mumewe alikuwa huyo, na hakutaka apate hata mkwaruzo.

Mwaka ulipopinduka, Katibu hakuweza kusimama sawasawa. Kwato zilikuwa zimerefuka na kujikunja juu kama ndara zilizoachwa juani, na chini zilinuka. Evarist, mdogo wake marehemu, alikuja akatazama, akavua kofia.

"Shemeji, mnyama anateseka. Tummalize tu, apumzike."

Gaudiosa aliingia ndani akalia. Alipomaliza kulia akampigia simu bibi mifugo wa kata, Loveth, binti wa Singida, ambako punda hawahesabiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Utamwezea?"

Loveth alipofika zizini aliinua mguu mmoja wa Katibu, akachokonoa uchafu kwa kisu, akaguna. "Nani kamfanyia hivi?"

Gaudiosa akafura. "Amfanyie nani? Namtunza kuliko ninavyojitunza mwenyewe!"

"Ndicho kilichomuumiza, mama. Pumba zimezidi, matandiko yamelowa. Na kwato zisipokanyaga mawe hazisagiki, zinaota tu."

Jamani, maneno yale yalimkata maini. Aliwahi kusemwa mengi, lakini si kwamba alimuumiza Katibu.

Siku hiyo Loveth alipunguza kidogo tu kwa koleo, akalainisha kingo kwa tupa. Akikata kwa pupa, alisema, atafika kwenye nyama. Gaudiosa alikumbatia kichwa cha punda, akimbembeleza kwa Kimatengo kama mtoto anayechomwa sindano. Binti alirudi tena na tena. Kila alipokuja alikuta zizi kavu, pumba zimepungua, na kwato zinakaa chini vizuri zaidi.

Kahawa ilipoanza kuiva, Loveth akafungua mlango wa zizi. "Mimi nimemaliza. Sasa atembee kwenye changarawe."

"Ataumia!"

"Ataumia kidogo. Akibaki humu ndani, mama, tutarudi kwa yale ya shemeji yako, ya kummaliza."

Gaudiosa akavuta kamba. Katibu akatoka, akakanyaga changarawe, akashtuka na kurudisha mguu. Moyo wa mama wa watu ukapasuka. Alitaka kumrudisha zizini saa hiyo hiyo, mkono ulikuwa umeshageuka.

"Nisamehe, baba," akamwambia punda sikioni. "Nilikupenda mpaka nikakulemaza."

Akaifungua kamba shingoni.

Katibu alisimama kidogo, akanusa barabara. Akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili. Halafu akampita Gaudiosa, pole pole kwanza, kisha kwa mwendo wake wa zamani ule wa kutikisa kichwa, akaukata mlima kuelekea kwenye kona ya barabara bila kugeuka nyuma.

"Mama, mkimbilie! Atapotea!"

Gaudiosa hakusogea. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na alikuwa anacheka.

"Mwache," akasema. "Mwache aende."