Paa la Tatu

Maji yale niliyatema. Tangu utoto wangu sijawahi kutema kitu mbele ya mwenyeji aliyenikaribisha, lakini yale niliyatema ndani ya leso yangu nyeupe, nikaikunja leso, nikaifunga ndani ya karatasi kabla ya kuirudisha mkobani.

Tulikuwa tumefika Newala asubuhi ile kutoka Masasi, mimi na Dorika, mke wa mjukuu wangu Cyril, ambaye mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimiza miezi tisa. Ulikuwa mwezi wa Januari, mwaka 1999. Nyumba ya uzazi ya Bwana Alfredi ilikuwa na wiki tano tu tangu ianze kupokea wazazi. Bwana Alfredi alikuwa mnunuzi wa korosho. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi alipata ghala Tandahimba, kisha lori, kisha akatambua kwamba hata uzazi wa wanawake una wateja. Ramani ya nyumba ile ilichorwa na Cyril, kwa kompyuta, ofisini kwake Mkomaindo, kule Masasi. Ndiyo sababu Dorika aliandikishwa pale: mumewe alitaka mtoto wao azaliwe ndani ya kuta alizozichora yeye.

"Yananuka," nilimwambia Selestina, mkunga aliyenipa ile glasi.

"Ni saruji, Mwalimu. Tangi ni jipya. Bwana Alfredi amesema harufu itakwisha mvua zikizidi."

"Saruji naijua. Saruji hainuki sabuni na damu."

Selestina alitazama chini. "Tunayachemsha, Mwalimu. Lakini harufu haichemki. Na wazazi wawili wanaharisha tangu juzi."

"Dorika amekunywa?"

"Glasi mbili. Alifika na kiu."

Nilitaka kuuliza ni nani aliyempa, nikajizuia, kwa kuwa mtoaji alikuwa mbele yangu.

Asubuhi ile alikuwa amejifungua mwanamke mmoja, na mhudumu alikuwa akiosha chumba cha kuzalishia. Nilisimama mlangoni nikatazama. Jamvi la zege, yaani sakafu yake, lilikuwa limeinamishwa vizuri. Sitalinyima sifa yake. Maji mekundu yenye povu yaliteremka kutoka kila upande bila kutuama, yakakusanyika konani, yakaingia katika tundu lenye chujio na kutoweka.

"Yanakwenda wapi?"

"Shimo la maji machafu, nyuma ya nyumba," alijibu mhudumu.

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Shimo lilikuwapo, limefunikwa kwa mfuniko wa zege, na bomba lake likichungulia kwenye ukingo. Mdomoni mwa bomba hilo buibui alikuwa ametanda utando wake, mzima, bila tundu. Wanawake kumi na wanane walikuwa wamezalia nyumba ile, na shimo lake la maji machafu lilikuwa kavu kama debe la unga.

Kutoka hapo nilikwenda kwenye tangi. Lilijengwa nusu ardhini, upande unaoelekea bondeni, na kama matangi yote ya Newala, ambako maji ni ya shida, lilipokea maji ya mvua kutoka mapaa. Mvua haikuwa imenyesha tangu jana yake. Jua lilikuwa kali. Niliinua kifuniko kidogo nikatega sikio. Ndani, gizani, maji yalikuwa yakidondoka. Mhudumu alipomwaga ndoo nyingine kule chumbani, mdondoko uligeuka kuwa mchirizi.

Ramani ilikuwa imebandikwa ofisini. Chini yake kompyuta ilikuwa imechapa jedwali la kuvuna maji: Paa la Kwanza, mita za mraba mia moja na nane; Paa la Pili, thelathini; Paa la Tatu, ishirini na nne; yote kwenda tangini. Niliizunguka nyumba mara mbili nikilitafuta paa la tatu. Lilikuwapo paa la nyumba kubwa, na lilikuwapo paa la jiko. Kisha nikarudi chumba cha kuzalishia nikakipima kwa hatua: sita kwa nne, ishirini na nne.

"Funga koki ya jikoni," nilimwambia Selestina. "Mtu asinywe tena."

"Siwezi, Mwalimu. Bwana Alfredi yuko Mtwara, atarudi kesho. Na alituambia ramani hii ni ya kompyuta, haina kosa."

Sikumwacha Dorika alale pale. Tulipata nafasi katika gari dogo la mizigo lililokuwa likiteremka Masasi. Njiani alitapika mara tatu, na kila mara aliniomba radhi, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Hospitali ya Mkomaindo walimlaza na kumtundikia maji. Muuguzi alinihakikishia kwamba moyo wa mtoto ulikuwa ukidunda sawasawa. Ndipo nilipokwenda kumtafuta Cyril.

Alikuwa mbele ya kompyuta yake, jenereta ikinguruma nje. Aliinuka. "Shikamoo, Bibi! Mbona umerudi leo?"

"Marahaba. Kaa. Mkeo yuko salama kwa sasa. Nionyeshe chumba cha kuzalishia."

Alishangaa, lakini alitii. Nyumba ilitokea katika kioo, akaizungusha kwa kipanya, akaliondoa bati kama mtu anayefunua sufuria. Jamvi lilionekana, rangi ya kijivu, limeinama kuelekea konani.

"Umeliinamishaje?"

Hapo uso wake ulichangamka. "Hapo nilitumia akili, Bibi. Programu hii ina amri ya sakafu, lakini sakafu zake ni bapa tu, kama kioo. Haiwezi kuziinamisha. Nilihangaika siku mbili. Kisha nikagundua kwamba amri ya paa inainamisha. Basi jamvi nikalichora kama paa lililolala sana, sentimita mbili kwa kila mita, likawa na unene wa zege. Ukitazama huwezi kujua kwamba si sakafu."

"Wewe unajua kwamba ni sakafu. Kompyuta inajua nini?"

"Inajua... inajua ni paa. Lakini hilo ni la ndani ya—"

"Soma jedwali lako."

Alilifungua. Nilimwona akisoma mstari wa tatu, kisha akiurudia. Jenereta iliendelea kunguruma. Mkono wake ulitoka polepole juu ya kipanya.

"Jedwali hujijaza lenyewe," alisema. "Kila paa hulijumlisha. Mimi sikuli..." Akageuka. "Bibi, Dorika alikunywa maji?"

"Glasi mbili."

Alikimbilia nje. Nilimsikia akitapika kando ya jenereta, na sikumfuata kumpapasa mgongo. Aliporudi nilimuuliza swali moja: "Ulikwenda Newala mara ngapi wakati wa ujenzi?"

"Sikwenda. Nilikagua hapa."

"Hapa," nilisema, nikakitazama kile kioo chenye nyumba safi isiyo na mwanamke hata mmoja ndani yake.

Usiku huo alilala sakafuni kando ya kitanda cha mkewe. Kulipokucha tulipanda Newala pamoja.

Fundi Vitalis, aliyeijenga nyumba ile, tulimkuta uani, ameitwa na Selestina. Nilimfundisha hesabu akiwa darasa la nne, na mvi zake hazikumzuia kuvua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu. Najua nimeitiwa nini. Niliuliza mimi! Nilimwuliza Bwana Alfredi, paa gani hili liko miguuni? Akaniambia, jenga karatasi inavyosema, watu wa kompyuta wana maarifa yao."

"Na wewe ukaunganisha damu na maji ya kunywa."

"Mwalimu, hapa ni Newala. Mama yangu alikuwa akinichapa kwa maji ya paa la banda la mbuzi yaliyopotea. Nikiona karatasi imesema paa, mkono wangu unalipeleka tangini kabla kichwa hakijafika. Lile bomba la shimoni nililiacha tupu nikidhani ni la siku za mbele."

"Kichwa chako kilikuwa na wiki tano za kufika."

Alikuwa mzee mzima, na aibu ilimkaa vibaya kama koti la kuazima.

Bwana Alfredi aliingia saa nne, akishuka garini na shati jeupe. Alisikiliza yote akiwa amesimama, kisha akafunga mlango wa ofisi na kuketi.

"Sasa tusikilizane. Bomba litahamishwa leo, kimyakimya. Tangini tutatia dawa. Jumamosi nina wageni kutoka Mtwara wanaokuja kuifungua rasmi nyumba hii, na maji yote haya siwezi kuyamwaga, Newala watanicheka. Cyril, kijana wangu, maghala mawili ya Tandahimba nilikwisha kuyaweka mikononi mwako. Usiniharibie jina na lako pamoja."

"Utawanywesha wazazi maji hayo?" nilimuuliza.

"Yenye dawa, Mwalimu. Dawa huua kila kitu."

"Tia glasi moja unywe."

Alicheka, akatazama saa yake. Lakini si yeye aliyenichukiza zaidi. Aliyenichukiza zaidi alikuwa mjukuu wangu, niliyemlea tangu ana miaka miwili, ambaye alikuwa akitazama vidole vyake na kusema kwa sauti ndogo, "Labda, Bibi, dawa ikiwa ya kutosha..."

Sikumkemea. Nilifungua mkoba, nikaitoa leso ya jana niliyokuwa nimeifunga ndani ya karatasi, nikaiweka juu ya meza mbele yake, nikaifunua. Ilikuwa imekauka, na palipokuwa na maji palibaki duara la rangi ya udongo. Harufu ilijaza ofisi. Bwana Alfredi alirudi nyuma na kiti chake.

"Hiki ndicho alichokunywa Dorika," nilisema.

Cyril aliitazama leso ile. Kisha alitoka. Alipita uani bila kusema na mtu, akafika chini ya tangi upande wa bondeni, akashika koki kubwa ya kusafishia kwa mikono miwili. Ilikuwa ngumu, hivyo Fundi Vitalis alimwendea, akaongeza mikono yake. Maji yaliruka nje kama yaliyofungwa kwa chuki, yakashika mfereji wa barabara.

Mtu asiyekaa Newala hawezi kujua jambo hilo ni nini. Maji yaliyojaa tangi, akiba ya kiangazi, yakimwagika mchana mbele ya watu! Wanawake walitoka kila nyumba na ndoo, na madebe, na sufuria zenye masizi. Waliinama kuchota kabla hawajauliza.

"Msichote!" Cyril alipiga kelele akiwakimbilia. "Mama zangu, msichote! Si maji mazuri!"

"Umerukwa na akili?" alifoka mama mmoja aliyeitwa Somoe, ndoo yake ikiwa imekwisha kujaa. "Mnamwaga maji halafu mnatufukuza! Mnatuonea choyo hata cha maji ya kumwaga?"

"Yana damu, mama. Ni maji ya kuoshea chumba cha kuzalishia. Yameingia tangini wiki tano."

"Nani aliyefanya hivyo?"

Bwana Alfredi alikuwa mlangoni. Wazazi walikuwa madirishani, wale waliokuwa wamekunywa. Cyril aliwatazama wote.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyechora. Nililichora jamvi kama paa, na sikuja kutazama."

Ilimbidi aliseme mara nyingi, kwa kuwa wanawake walizidi kuja, na kila mmoja aliuliza upya, na kila mmoja aliangalia ndoo yake na kusita kabla ya kuimwaga. Somoe alikuwa wa mwisho. Aliinusa ndoo, akaiinamisha taratibu mpaka ikaisha, akaisugua kwa mchanga ndani na nje, mara mbili. Kisha akamkaribia mjukuu wangu na kutema mate ardhini, sentimita chache tu kutoka viatu vyake.

Cyril alinitazama. Alitaka niseme neno. Nilimwambia amfuate Fundi Vitalis ndani akashike nyundo, kwa kuwa bomba la tangini lilikuwa chini ya jamvi, na jamvi lilikuwa bado halijavunjwa.