Pilau ya Saa Saba

Urafiki wetu wa miaka yote hii, Salha, mama Luqmani, hajawahi kula kwangu zaidi ya yai la kuchemsha. Mimi nikishuka Makambako na maharage yangu, nalala kwake, nakula kwake, na ya njiani nafungiwa. Yeye na mumewe Halfan wakipanda huku Matembwe kufuata mbao, ni yai na chai ya rangi. "Nimeshiba, mama Jasmine." Umeshiba nini, na umetoka alfajiri? Najua, sufuria zangu zimepika nguruwe. Lakini aibu niliisikia mimi.

Basi Jasmine wangu alipopata mchumba nikaapa: harusi hii Salha atakula mpaka ashindwe kuinuka. Nikamwambia mume wangu Hezekia auze nguruwe wote. Sufuria nikanunua mpya. Ng'ombe achinjwe na Luqmani, mtoto wao wenyewe, sitaki maswali. Tarehe tuliipanga kwa akili: Kwaresma mchungaji hafungishi ndoa, kwa hiyo ikawa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Nikampigia Salha simu. Akauliza:

"Kadi mmeshachapa?"

"Zamani!"

"Basi tutakuja, inshallah."

Siku yenyewe Luqmani akafika asubuhi, akachinja. Nikampa chai, akasema atakunywa baadaye. Kijana ana adabu huyu, nikasema.

Sasa nyie harusi zetu mnazijua. Chakula cha mchana kinatoka giza limeshaingia na watoto wamelala. Nikaiambia kamati: leo hapana, wageni wametoka mbali, tusijiaibishe. Saa saba kamili pilau mezani! Watu walishangaa.

Salha akapakuliwa sahani ya kwanza. Akasifu harufu. Akasifu nyama. Akasifu mpaka sufuria. Hakugusa. Halfan naye anakagua turubai utadhani anataka kulinunua.

Nikapandwa na hasira. "Mama Luqmani, nimeuza nguruwe wangu wote kwa ajili yako! Mwanao ndiye kachinja! Au nikuchemshie yai?"

Akaninong'oneza, "Shoga, tumefunga. Ni Ramadhani."

Mungu wangu! Redio ilitangaza kila siku, sisi masikio yote yapo kwenye Kwaresma yetu.

"Sasa si ungeniambia?"

"Na kadi umeshachapa? Ningekuharibia furaha."

Nikafunika sahani yake kwa sahani nyingine, na yangu nikaifunika. Hezekia akaja: "Kula, mama, keki inafuata." Nikamwambia nitakula na mgeni wangu. Tukakaa, baridi ya Matembwe inatuchoma, tumbo langu linanguruma kuliko spika za muziki. Mama wa bibi harusi!

Jua likazama. Halfan akatoa tende mfukoni, akanipa na mimi. Tukafunua sahani. Pilau imepoa, mafuta yameganda, na Salha akala. Alikula yote, akalamba vidole, akaninyooshea sahani.

"Niongeze, mama Jasmine."

Kwangu hajawahi kusema neno hilo. Nikakimbia jikoni karibu nianguke. Sufuria zangu mpya zimekwanguliwa mpaka ukoko. Watu walishakula, tena kwa wakati, kama nilivyoagiza.

Nikarudi mikono mitupu, machozi yananilengalenga. Salha akaniangalia, akaanza kucheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Basi, shoga," akasema, "nichemshie yai."