Chupa ya Tatu

Hidaya alikuwa ameshazoa samadi, ameshakata majani, ameshakamua, na ukungu wa Mlola bado ulikuwa umelala juu ya mabati. Sweta la shule halikukauka. Mama alilitundika juu ya moto tangu jana jioni, sasa lilinuka moshi na zizi kwa pamoja. Akalivaa hivyo hivyo, maana lori la kabichi halimsubiri mtu.

Shindano la kemia lilifanyika Lushoto mjini. Zilikuja shule nne, na mshindi mmoja tu ndiye angesomeshwa bure kidato cha tano na sita. Kwa Hidaya hakukuwa na njia nyingine ya kuendelea. Kemia aliijua, lakini aliijua kwa chaki. Wazazi walishaambiwa wachangie ujenzi, lakini mpaka leo maabara ya shule yao ilikuwa kabati lenye kufuli na chupa zilizokauka, na Mwalimu Timotheo alichora gesi ubaoni. "Harufu kali, inachoma pua," darasa zima lilikariri.

Mezani alikuta chupa tano zisizo na majina, aandike kila moja ina nini na harufu yake ikoje. Jirani yake alikuwa Kristofa wa ile shule mpya ya kulipia, ananukia sabuni ya dukani. Chupa mbili za kwanza Hidaya alizitambua kwa rangi. Ya tatu alipoisogeza puani, zizi la kwao lilimjia lote, mkojo na majani yaliyooza, mpaka machozi yakamlenga. Kristofa akageuka kumtazama. Aibu ilimshika binti wa watu. Alijua tu harufu hiyo ni ya sweta lake. Akabana mikono kifuani, akaandika: haina harufu.

Alikosa nafasi kwa chupa hiyo moja.

"Ya tatu ni amonia," msimamizi alisoma. "Sasa amonia nayo ni ya kukosa?"

Ukumbi ukacheka. Mwalimu Timotheo hakucheka. Njiani kurudi ndipo aliposema, "Mimi mwenyewe mara ya mwisho kuinusa nilikuwa chuoni, mwanangu."

Nyumbani Hidaya alimwamkia mama, akamwambia amekosa. Mama aliitikia marahaba, kisha akasema zizi halijasafishwa tangu asubuhi.

Ndani ya zizi harufu ilimpiga usoni, ikamchoma pua, macho yakalowa. Safari hii sweta alikuwa amelivua.

"Amonia," alimwambia ng'ombe. Akarudia kwa sauti ya mtihani, "Amonia."

Ng'ombe aliendelea kutafuna. Hidaya akachukua beleshi, akaanza kuzoa.