Ratili Arobaini na Tano

"Ukikimbia hata hatua moja, Verna, nakutoa." Delbert Yount alivuta mikanda ya mzigo wangu mpaka ikaniuma mabegani. "Hata kama umebakiza mita kumi. Unanisikia?"

"Hata wiki mbili zilizopita nilikusikia."

"Ulinisikia, ukakimbia."

Ilikuwa kweli.

Mtihani wa kuingia kikosi cha kuzima moto wa msituni ni mwepesi kuueleza. Maili tatu, ratili arobaini na tano mgongoni, dakika arobaini na tano, na unatembea. Mguu mmoja lazima uwe chini kila wakati. Ikiinuka yote miwili, hiyo ni mbio, na umeanguka mtihani. Mzigo unapimwa mwanzoni, unapimwa tena mwishoni. Ukirudi nao umepungua, hata ungefika wa kwanza, umeanguka vilevile. Kwetu hapa Montana Delbert, bosi wa kikosi, anatoa nafasi tatu kwa msimu. Ya kwanza nilichelewa dakika tatu. Ya pili nilikuwa nawahi vizuri kabisa, lakini nilipouona mstari wa mwisho miguu ilipandwa na wazimu. Nilikimbia kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Delbert alinipigia filimbi usoni.

Leo ilikuwa ya tatu.

Nina miaka arobaini na moja na napika jikoni kwenye shule ya mji wetu. Kiangazi cha mwaka juzi ukingo wa mlima nyuma ya nyumba yangu uliwaka moto, nami nilisimama uani na mpira wa kumwagilia maua, nikirusha maji kwenye paa. Kijana mmoja wa kikosi alitokea kwenye moshi akaniambia, "Mama, ondoka, unatuzuia." Alikuwa na haki, na ndicho kilichoniuma. Niliondoka. Tangu siku ile nilijua ninachotaka: moto ukirudi, nisiwe mtu wa kuondolewa.

Watu hudhani nia ni kitu unachokipata mara moja ukakitia mfukoni. Yangu nilikuwa naitafuta upya kila alfajiri, kama funguo. Majira yote ya baridi nilitembea na gunia la chakula cha kuku mgongoni, kope zikiganda, na siku nyingine nilifika getini nikageuka. Baada ya kuanguka mara ya pili niliacha kabisa kwa siku tisa. Siku ya kumi mdogo wangu Joelle, ninayeishi naye, aliweka sahani mezani akasema, "Afadhali dada, sasa tutakula kwa wakati." Hakuwa na ubaya. Mimi nilisimama, nikavaa viatu, nikatoka bila kula.

Sasa tulikuwa watano kwenye barabara ya changarawe kandokando ya mfereji, jua la Aprili halijapata nguvu, na kila mmoja wetu amebeba mfuko wa maji wa kuzimia moto, ule wenye pampu. Wangu mizani ilisema arobaini na tano na nusu. Delbert aliingia kwenye gari lake ili atufuate polepole akitazama miguu.

"Haya. Nendeni."

Maili ya kwanza niliitembea kama nilivyojifunza: nyonga zinazunguka, mikono inakata hewa, macho mbele. Wa mbele walianza kunipotea. Nyuma yangu alikuja Kolby Strand, mkata magogo wa miaka ishirini na sita, fundi wa kutembea na fundi zaidi wa kuongea.

"Shangazi, leo tunatembea au tunakwenda kununua mkate?"

"Pita, Kolby."

"Siwezi kupita, nalinda wazee."

Kwenye koni ya kugeuzia Joelle alikuwa amesimama na saa mkononi. "Ishirini na mbili na sekunde arobaini!" alipaza sauti. "Umechelewa sekunde kumi, dada! Kaza!"

Sekunde kumi si kitu, na ni kila kitu. Nilikaza. Kiuno changu kilihisi baridi. Jasho, nikajiambia. Kisha baridi ile ikashuka kwenye paja.

"Shangazi," Kolby aliita nyuma yangu, "usikasirike, lakini umejikojolea?"

"Kafie mbele."

"Sikutanii. Tazama nyuma."

Niligeuza shingo. Kwenye changarawe kavu nilikuwa naacha mstari mweusi wa maji. Mfuko ulikuwa unavuja.

Ndiyo maana hatua zilikuwa zimeanza kuwa nyepesi! Nami mpumbavu nilikuwa nafurahi, nikidhani ni mazoezi.

"Nyamaza tu," Kolby alisema, sasa yuko ubavuni, sauti chini. "Mzigo unapungua, unawahi."

"Nawahi kwenda kuaibika kwenye mizani?"

Nilimpungia Delbert mkono. Gari likasogea, kioo kikashuka.

"Mfuko unavuja!"

"Nauona. Ukisimama, nafasi yako imekwisha. Ukiendelea, mwisho ni mizani. Mimi sina zaidi."

"Nikitia mawe?"

Delbert alitafuna kitu mdomoni, akafikiri kwa muda ambao mimi sikuwa nao. "Mizani haiulizi kuna nini ndani. Lakini uyatie mwenyewe. Na mguu mmoja chini."

Kando ya mfereji mawe yamejaa, laini, ya ukubwa wa ngumi. Mfuko ulikuwa na kimfuko cha pembeni karibu na nyonga. Niliinama huku natembea, mzigo wote ukanirukia kichwani, nikaokota la kwanza, nikalisukuma ndani. Sekunde tatu, labda nne. La pili likaniponyoka. Nikaliacha nikachukua jingine.

"Hilo dogo!" Kolby alifoka. "Chukua lile la kijivu!"

"Unatembea mtihani wako au wangu?"

"Wangu ni kama nimeshafaulu! Lile la kijivu, shangazi!"

Nikachukua la kijivu.

Ubaya ulikuwa huu: sikujua maji yametoka kiasi gani. Ratili mbili? Sita? Kila jiwe lilinila sekunde, na kila nililoliacha huenda ndilo lingeniangusha. Nilitia la tatu, la nne. Pumzi ilikuwa inakwangua koo. Nilipotia la tano Joelle alikuwa amekwishapita na gari lake kwenda mwisho wa njia, na nilisikia sauti yake, nyembamba, mbali: "Arobaini na mbili!"

Dakika tatu. Mstari nauona. Kolby alikuwa ameniacha, mabega yake yanayumba mbele. Jiwe la sita lilikuwa limelala pale, kubwa, kama linaningoja. Akili ilisema inatosha. Woga ulisema okota. Niliinama nikaokota.

Hapo ule wazimu ukanirudia. Ulikuwa hauna sauti, ni kama mkono tu unaokusukuma kisogoni. Mita mia moja na hamsini. Hatua kumi za mbio zingetosha. Gari la Delbert lilikuwa kushoto kwangu, macho yake kwenye viatu vyangu, nami nilianza kuhesabu kwa sauti, kila mguu unapogusa chini: chini, chini, chini. Watu wakipiga kelele nilisikia neno hilo tu. Joelle alikuwa anarukaruka. "Usikimbie dada! Usikimbie, nitakuua!"

Nilipita mstari. Delbert alikuwa ameshuka, saa mkononi.

"Arobaini na nne, hamsini na mbili."

Hakuna aliyeshangilia, maana kila mtu alikuwa anaangalia suruali yangu inavyotiririka. Nilivua mzigo, nikaukimbiza kwenye mizani ya ndoano. Sasa mbio ilikuwa halali. Kila tone lililoanguka lilikuwa langu. Delbert alipachika mkanda kwenye ndoano, polepole, Mungu amsamehe, kisha akaachia.

Mshale ulipanda, ukashuka, ukacheza. Tone. Tone. Kolby alikuwa amejishika kichwa. Delbert akainama, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Delbert, wee mzee!" Joelle alilia.

"Arobaini na nane," alisema.

"Nini?"

"Ratili arobaini na nane. Umebeba tatu za bure, Verna. Hukuwa na haja ya yale mawe mawili ya mwisho."

Kolby alicheka mpaka akakaa chini kwenye changarawe. Mimi nilitaka kucheka, kikatoka kitu kingine, nikajifuta uso kwa mkono wenye matope.

Delbert alikuwa amekwishatoa kalamu na karatasi ya vifaa vya kikosi. Hakunipongeza. Aliuliza tu, bila kuinua macho, "Unavaa kiatu namba ngapi?"

Nilitazama viatu vyangu vilivyolowa.

"Nane na nusu," Joelle alimjibu. "Mpana."