Semina ya Mtandao Kusiko na Mtandao

Kitongoji chetu kiko pembeni mwa Robanda, hatua chache kutoka kwa tembo. Simu tunazo, tena nzuri. Kinachokosekana ni mtandao. Ukitaka kumpigia mtu unapanda jiwe kubwa lililo nyuma ya shule, juu kabisa, penye nafasi ya miguu ya mtu mmoja tu, kisha unainua simu kuelekea mjini Mugumu uliko mnara. Jiwe hilo lina sheria yake: mwenye tembo shambani anapanda kwanza. Hata kama uko katikati ya kumtongoza mtu, unakata na kushuka.

Mwezi wa tano kampuni moja ya simu ilituletea mtaalamu. Tulifurahi tukidhani amekuja kupima pa kusimika mnara. Kumbe amekuja kutufundisha maneno. Aliitwa Vincent, kijana mstaarabu, shati limenyooshwa pasi mpaka mikononi. Nyuma yake alitundika bango: "Ijue Lugha ya Mtandao."

"Baba zangu, mama zangu, shikamooni," alianza. "Mwananchi asiyejua istilahi atadaije huduma?"

Siku mbili tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Tulijifunza kwamba mnara hurusha mawimbi, na mawimbi yana masafa. Tulijifunza kwamba kupakia ni kupeleka picha zako mtandaoni, na kupakua ni kuzishusha za wenzako. Simu ikikataa kwa sababu watumiaji ni wengi, huo ni msongamano. Ikikataa kwa sababu mnara uko mbali, basi uko nje ya eneo la huduma. Mimi, Agustina, nilinyoosha mkono.

"Na sisi tuko wapi?"

"Nje ya eneo la huduma," alijibu kwa furaha. "Umeona, mama? Sasa unaweza kujieleza."

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, mzee Hezekia, akapiga makofi. Alikuwa amepewa kofia ya kampuni, na tangu hapo kila alichosema Vincent kilikuwa sawa.

Siku ya pili semina ilifungwa saa tisa alasiri. Vincent akapanda jiwe kutuma ripoti yake. Hata soda yangu sikuwa nimeimaliza, binti yangu Judith akaja mbio kutoka shambani.

"Mama, tembo! Sita! Wameshaingia!"

Shamba lenyewe ni ekari mbili za mahindi, chakula chetu cha mwaka mzima, na yalikuwa yamebeba vizuri. Askari wa wanyamapori wakipigiwa mapema hufika ndani ya nusu saa na kuwafukuza. Nilikimbilia kwenye jiwe huku kanga nimeishika mkononi.

"Mwanangu, shuka! Tembo wako kwangu."

"Samahani mama, subiri kidogo. Ripoti inapakia, imefika asilimia sitini. Nikishuka inaanza upya."

"Basi piga wewe hukohuko juu!"

"Nikipiga simu, intaneti inakatika. Hapa mawimbi ni hafifu, mama. Si tulisoma jana?"

Damu ilinichemka. Nilikamata suruali yake nimvute chini kama mbuzi aliyeingia kwenye mihogo. Mzee Hezekia akaniwahi.

"Mama Judith, hiyo ripoti ndiyo inayotuombea mnara. Isipofika, hili jiwe tutalipanda mpaka wajukuu wetu."

"Ni kweli?" nilimuuliza Vincent.

"Bila ripoti hakuna mnara, mama."

Niliachia suruali. Hakuna aliyenilazimisha, niliachia mwenyewe. Nikakaa kando ya jiwe, mahali ambapo shamba langu linaonekana lote. Asilimia sabini, tembo walikuwa upande wa mto. Themanini, wamefika katikati. Judith alikuwa amerudi shambani, namsikia kwa mbali akipiga debe, na tembo hata sikio hawakugeuza. Nililia waziwazi, na sikujali nani ananiona.

"Imeenda yote!" Vincent alipiga kelele. Akashuka, akanishika mikono yote miwili kunipongeza. Nikapanda, nikapiga. Askari walifika baada ya dakika ishirini na tano, wakawafukuza tembo walioshiba. Yalibaki mahindi mistari minne karibu na choo.

Majirani walinichangia mahindi, huyu debe, yule nusu debe, wakisema shamba langu limeleta mnara wa watu wote. Kwa kweli nilijisikia fahari. Nilikuwa napita njiani nikiangalia kila kilima, nikichagua mnara ukae wapi.

Jibu la kampuni lilikuja mwezi wa saba. Mzee Hezekia alilisoma mkutanoni, polepole, akifuatisha kwa kidole.

"Tunawashukuru kwa ushirikiano. Ripoti yenye picha arobaini na video moja ilipakiwa kikamilifu kutokea kitongojini kwenu. Hii inathibitisha kwamba mko ndani ya eneo la huduma. Mnara utapelekwa kwa wenye uhitaji zaidi."

Akaikunja barua, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza kama kuna neno gumu linalohitaji kufafanuliwa.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Tulikuwa tumefundishwa vizuri. Barua yote tuliielewa.