Shati la Mheshimiwa Waziri

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Elisante ilikwenda miaka mitatu bila kukwama. Ilianzia sebuleni kwa madam, Mfaransa wa Al Barsha, Dubai, aliyemwajiri kufanya usafi. Ukutani palikuwa na picha kubwa iliyochorwa kwa rangi za mafuta: mzee wa kitambi, koti jeusi, utepe mwekundu kifuani, nishani tele. Alikuwa babu wa babu yake madam, na enzi zake alikuwa waziri kule Ufaransa. Elisante akaipiga picha kwa kamera, akaituma kwao Machame. Kwenye karatasi ndogo hukuweza kujua kwamba ni mchoro. Akaandika nyuma kwamba huyu ndiye arbab wake, yaani bosi, Mheshimiwa Waziri, anampenda kama mwanawe, wanakula meza moja.

Meza moja wapi! Alikula jikoni, peke yake, amesimama, na jina lake madam hakuwahi kulitamka sawasawa. Lakini mama anapouliza unaishije, utamwambia hivyo? Elisante hakuweza.

Basi mama yake ni fundi cherehani, tena mtu wa shukrani. Mwaka 2006 Emiliana, binti wa jirani aliyefanya kazi hotelini Bur Dubai, alikwenda likizo. Wakati wa kurudi, mama akampa kifurushi na kumwagiza amkabidhi Mheshimiwa mwenyewe, mkononi. Emiliana akakifikisha mpaka mlangoni, akapokewa na madam.

Ndani mlikuwa na shati la kitenge, pana, kitambi kimekadiriwa kwa jicho la fundi, na barua. Madam akamwita Elisante amsomee kwa Kiingereza. Angeweza kudanganya tena, ila Emiliana alikuwa amesimama pale pale, na Kiingereza anakijua.

Akasoma. "Mheshimiwa, picha yako ninayo. Asante kwa kunilelea mwanangu. Zamani nilikuwa silali. Sasa nalala."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akatamani sakafu aliyoipiga deki asubuhi ile immeze. Madam aliitazama picha, akalitazama shati, akamtazama yeye. Emiliana akainamisha uso, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, akampigia mama na kumweleza yote: yule mzee ni mchoro tu, alikufa kabla hata bibi hajazaliwa. Kisha akangoja atukanwe. Alistahili.

Mama hakumtukana.

"Sasa mwanangu," akauliza, "miaka yote hii ulikuwa na nani huko?"