Jina la Kujaribia

Mashaka alimuua mama mkwe wake asubuhi na mapema, akiwa na kipande cha chapati mdomoni. Alibonyeza kitufe tu. Na hata hakujua kama ameua mtu, akaendelea kutafuna zake.

Kampuni yake ilikuwa chumba kimoja huko Temeke, nyuma ya duka la vioo, na ndani ya chumba watu wawili: yeye, na binti anaitwa Mwamvita. Walikuwa wanatengeneza programu za kompyuta. Kazi kubwa waliyoipata mwaka huo ilikuwa ya chama cha kuzikana cha Buguruni: mwanachama akifariki, meseji iwafikie wenzake wote kwa mara moja. Kazi yenyewe aliwatafutia Bi Chausiku, mama wa mkewe, aliyesimama kikaoni akasema, "Mkwe wangu anaijua kazi, mie namdhamini."

Mwamvita alishamwambia Mashaka, tena si mara moja. "Kaka, tutenge sehemu ya kujaribia, yenye namba zetu wenyewe, isiguse za wanachama. Na kitu kisitoke humu bila mwenzio kukiangalia."

Mashaka alicheka mpaka akashika tumbo. "Wewe nawe! Watu wawili, chumba kimoja, unataka tujifanye benki?"

Binti wa watu akarudi kwenye kompyuta yake. Kaka akishasema, wewe ni nani?

Basi asubuhi ile Mashaka alitaka kuona kama meseji ya msiba inakaa vizuri. Akahitaji jina la kujaribia. Akaweka la kwanza lililomjia kichwani, akabonyeza. Chama kizima kikapata taarifa kwamba Bi Chausiku hatunaye tena.

Bi Chausiku mwenyewe alikuwa uani anachambua mchele. Simu ililia, lakini miwani aliiacha ndani, akaipuuza. Mara akashtukia akina mama wanamiminika na mikeka na masufuria, kanga kichwani, wanalia. Naye akaangua kilio. Alilia na wenzake vizuri tu, kwa moyo wote, mpaka alipouliza, "Jamani, nani kafa?" Aliyekuwa mbele akamtazama usoni, akapiga yowe, akatoka mbio mpaka barabarani.

Mzee Mfaume, mwenyekiti wa chama, akampigia Mashaka. Na hapo Mashaka akafanya jambo ambalo, ukilinganisha, kumuua mkwe ni afadhali. "Shikamoo mzee. Ni binti mmoja hapa kazini, kakosea," akasema, na Mwamvita yupo hapo hapo pembeni yake, anasikia kila neno. Mashaka hakugeuka kumtazama. Masikio yalimwaka moto kwa aibu, lakini neno lilishatoka.

Wakaenda Buguruni wote wawili. Uani hapakuwa na pa kuweka mguu. "Ndo huyu?" akina mama wakauliza, na kabla Mashaka hajafungua mdomo, Mwamvita akapiga magoti mbele ya Bi Chausiku.

"Nisamehe, mama."

Wacha wamseme! Mtoto gani huyu asiye na adabu, kafundwa na nani, kwao hawajui msiba? Mashaka alisimama anaangalia viatu vyake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bi Chausiku akamshika mkono yule binti. "Inuka, mwanangu. Binadamu tunakosea." Kisha akamgeukia Mashaka. "Na wewe baba, usimfukuze kazi. Mie nakuomba."

Alimwomba yeye!

"Mama," Mashaka akasema, "ni mie. Mwamvita hakugusa kitu. Tena yeye ndiye aliyenionya."

Bi Chausiku akavuta kanga mpaka karibu na macho. "Kuniua nimekusamehe," akasema. "Lakini ulimwachaje mtoto wa mwenzio akapiga magoti?"

Mzee Mfaume, naye yupo hapo uani, akataka meseji ya kusahihisha itoke hapo hapo, maana ndugu wa Mbagala walishaanza safari, na vijana walishakwenda makaburini na majembe. Mashaka akaiweka mapajani kompyuta aliyokuja nayo, akaandika, jasho linamtiririka. Kidole kikafika kwenye kitufe, kikasita. Akamsogezea Mwamvita kompyuta.

"Naomba uiangalie kabla haijaenda."

Mwamvita, magoti yake bado yana vumbi, akasoma polepole. Meseji ilikuwa ndefu: kosa ni langu mimi Mashaka, nimemkosea mama yangu, nimewakosea wote, nimeona aibu, naomba radhi. Akairudia tangu mwanzo.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "ya kwako yote umeyaandika. Ila hujasema popote kwamba Bi Chausiku yu hai."